Mbizi Mbali na Bahari: Mwongozo kwa Anayekwenda Kigoma na Maziwa ya Bara

Wengi waliojifunza kupiga mbizi Unguja, Mafia au Diani huacha miwani na mapezi nyumbani wanaposafiri kwenda bara. Mtu anapelekwa Kigoma kikazi wiki mbili, anarudi bila kujua kwamba alilala kando ya maji ambayo wazamiaji hutoka Ulaya kuyafuata. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Maji ya juu yana joto la nyuzi 24 hadi 28, na raha yote iko kwenye mita 20 au 30 za kwanza. Huna sababu ya kushuka zaidi, kwani chini kabisa hakuna hata oksijeni ya samaki kuvuta.

Si kila ziwa linastahili safari. Ziwa Victoria ni kubwa, lakini maji yake yamejaa mwani na tope, na mara nyingi huoni mbali. Ziwa Chala, lile la kreta mpakani mwa Kenya na Tanzania chini ya Kilimanjaro, linavutia kwa rangi yake, ila mamba wamewahi kuua mtu humo, na mimi simshauri yeyote aingie. Ninayoyapendekeza ni mawili: Tanganyika na Nyasa. Nyasa ni rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa upande wa Malawi, kule Nkhata Bay, Likoma na Cape Maclear, biashara ya mbizi imezoeleka na vifaa hukodishwa. Anayetoka Mbeya huvuka mpaka Kasumulu na kushuka kusini.

Kigoma inahitaji maandalizi zaidi, na hapa ndipo wageni wengi hukwama. Huanza kutafuta maji mazuri, wakati jambo la kwanza la kutafuta ni hewa. Kabla hujakata tiketi, piga simu hotelini na kwa waongoza watalii, uulize nani ana kompresa ya mbizi inayofanya kazi, chujio lake lilibadilishwa lini, na mitungi ilipimwa mwaka gani. Jibu likiwa la kusitasita, chukua kwamba hewa hakuna. Usikubali mtungi uliojazwa kwa kompresa ya gereji: haufiki shinikizo la baa 200 linalohitajika, na hewa yake hubeba mvuke wa mafuta na moshi. Mtungi wa oksijeni wa hospitali ni hatari vilevile, kwa sababu oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 inaweza kumletea mtu degedege akiwa majini.

Hewa ikikosekana, beba miwani, mrija na mapezi uende hivyohivyo. Nasema hivi kwa dhati, maana sehemu kubwa ya utajiri wa Tanganyika iko kwenye maji yasiyozidi mita 5. Tafuta pwani ya mawe makubwa yanayoingia ziwani, iliyo mbali na mito. Mto Malagarasi humwaga tope kusini mwa mji, na msimu wa mvua kila kijito hufanya hivyo kwa kiasi chake. Mawe ndiyo makazi ya samaki, na mchanga ulio kati ya mawe una wakazi wake pia. Ukiona makombe ya konokono yamelala mchangani, tulia juu yake dakika chache. Kuna sikilidi wadogo wanaoishi ndani ya makombe hayo, huzaa humo na hutoka kumkabili hata mtu. Juu ya mawe utaona mama aliyefumba mdomo uliojaa mayai au vitoto, na karibu yake kambare mwenye madoa anayesubiri nafasi ya kupenyeza mayai yake ili yalelewe na mwenzake. Kuhe, sikilidi mkubwa kuliko wote, hulinda watoto wake dume na jike pamoja. Siku nyingine hupita yavuyavu wadogo wa maji yasiyo na chumvi, wapana kama sarafu.

Ufukwe wa Jakobsen, karibu na mji wa Kigoma, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mrija. Gombe na Mahale zina maji mazuri zaidi, lakini ni hifadhi za taifa; uliza TANAPA mapema kuhusu vibali, ada na sehemu zinazoruhusiwa kuogelea. Miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza fukwe kadhaa, kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani.

Mahali popote utakapochagua, pitia kwanza mwaloni. Wasalimie wazee, jitambulishe, mtafute kiongozi wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo. Uliza nyavu za makila zimetegwa wapi, maana uzi wake hauonekani majini na humnasa mzamiaji kama unavyomnasa samaki. Usizame bila kisu. Kisha waulize akina mama wanaofua na kuchota maji: mamba ameonekana lini hapa? Kiboko hupitia wapi jioni? Wao wako ufukweni kila siku, na wakisema usiingie, ondoka. Swila wa maji naye anaishi kwenye mawe hayohayo. Hula samaki na kwa kawaida humkwepa mtu, ila usiingize mkono kwenye mwanya usiouona ndani.

Asubuhi ndiyo saa bora, kabla upepo haujainua mawimbi. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, kwa hiyo uliza pia kama kuna kufungwa mwaka huu, kwani boti na wenyeji wa kukusindikiza huathirika.

Kuna mambo ambayo mzamiaji wa pwani hakuwahi kulazimika kuyajali. Uso wa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari, na kuanzia mita 300 hesabu za mbizi hubadilika, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na naitrojeni iliyomo mwilini hupanuka zaidi unapotoka. Kompyuta nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine husubiri uziwekee. Soma kitabu chake ukiwa bado nyumbani. Punguza risasi za mkandani kilo 2 au 3, maana maji yasiyo na chumvi hayakuinui kama bahari, na zipime kwenye kina kifupi kwanza. Panda polepole na usimame dakika 3 kwenye mita 5 hata kama kompyuta haikudai. Kutoka Kigoma hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,000. Jua mapema chemba ya tiba iliyo karibu iko wapi na nani atalipia ndege ya wagonjwa.

Baada ya mbizi za siku kadhaa, kaa saa 18 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mbizi moja tu, saa 12. Watu hukumbuka ndege wakasahau barabara. Anayetoka Nyasa na kwenda Mbeya hupanda kutoka mita 475 hivi hadi zaidi ya 1,600, na mwili hautofautishi mlima na ndege. Siku hiyo ya kusubiri Kigoma, nenda Ujiji, ukaone mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871.

Kichocho kipo kwenye maziwa yote mawili. Epuka maji yaliyotulia yenye majani na matete, ingia kutoka kwenye boti ukiweza, vaa nguo ya mpira, jifute mara utokapo. Yote hupunguza hatari bila kuiondoa. Wiki sita hadi nane baada ya safari nenda kituo cha afya upimwe, umweleze daktari uliogelea wapi, hata kama hujisikii vibaya. Kikigundulika, hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli.