KUFUNDISHA ZAMU NA KITUO KATIKA SAKETI YA VUTA-SUKUMA

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kufundisha jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, yaani jinsi transista mbili zinavyopokezana kazi ndani ya inveta. Tumechukua mfano wa shule ya msingi katika kata ya Maretadu, Wilaya ya Mbulu. Huko, kama katika sehemu nyingi za vijijini, paneli ya jua na betri ya volti 12 si vitu vigeni kwa mtoto. Akiuliza kilichomo ndani ya kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ukawasha televisheni, haifai ajibiwe kwamba hayo si ya darasa lake. Mtoto anyamazishwaye leo hatauliza kesho.

Maelezo kwa mwalimu

Betri hutoa mkondo mnyoofu, wenye kwenda upande mmoja tu. Vyombo vya nyumbani hutaka mkondo geu wa volti 230, wenye kukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Katika saketi ya vuta-sukuma, transista mbili hupeleka mkondo wa betri katika nusu mbili za koili ya transfoma, kila moja kwa zamu yake. Transista ya kwanza huvuta usumaku wa kiini cha chuma upande huu, na ya pili huurudisha upande ule.

Mambo mawili hurekebishwa. La kwanza ni zamu: ni sehemu gani ya mzunguko mzima kila transista hufanya kazi. La pili ni kituo: ule muda mfupi ambapo zote mbili zimezimwa. Kituo ni cha lazima kwa sababu transista haizimiki papo hapo inapoamriwa. Zikifanya kazi pamoja, usumaku wa nusu mbili za koili hupingana na kufutana. Koili haizuii tena mkondo, nao hupanda ghafula, na transista huungua.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi wa Darasa la Saba aweze: (a) kueleza kwa nini kituo kinahitajika, (b) kukokotoa zamu kwa asilimia.

Hatua ya kwanza: kinu

Tuanze na lijulikanalo. Leta kinu kitupu na michi miwili. Wanafunzi wawili watwange polepole kwa kupokezana, darasa likihesabu hadi nane. Mchi wa kwanza uwe chini katika hesabu ya 1, 2 na 3. Katika 4 yote miwili iwe juu. Mchi wa pili uwe chini katika 5, 6 na 7. Katika 8 yote iwe juu tena. Uliza: kila mchi umefanya kazi sehemu gani ya mzunguko? Jibu ni 3 kwa 8, yaani asilimia 37.5. Hesabu ya 4 na ya 8 ndizo kituo.

Sasa weka michi kando, wanafunzi watumie viganja juu ya dawati. Ongeza kasi ya kuhesabu. Punde viganja vitagongana, kwa maana mkono huhitaji muda uleule kuinuka, hata hesabu iende mbio. Hapa ndipo penye kiini cha somo: kituo hupimwa kwa muda, si kwa asilimia.

Hatua ya pili: taa

Chukua betri kavu mbili, taa mbili ndogo za tochi na swichi mbili za kubonyeza. Kila mwanafunzi abonyeze swichi yake kwa hesabu ileile. Sharti ni moja: taa zote mbili zisiwake pamoja kamwe.

Hatua ya tatu: hesabu

Tuseme kituo ni maikrosekunde 1 baada ya kila zamu. Saketi ikifanya mizunguko 50,000 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni maikrosekunde 20, na nusu yake ni 10. Ukitoa kituo, kila transista hupata 9 kwa 20, yaani asilimia 45. Saketi ikifanya mizunguko 200,000, mzunguko ni maikrosekunde 5. Kila moja hupata 1.5 kwa 5, yaani asilimia 30. Wanafunzi wenyewe watambue kwamba kasi ikizidi, kituo kilekile hula sehemu kubwa zaidi ya kazi.

Kwa mwalimu apendaye kujijengea saketi

Tumia transfoma ambayo upande wake wa pili hautoi zaidi ya volti 6. Unga taa ya gari ya volti 12 katika mfuatano na betri, pamoja na fyuzi. Anza na kituo kirefu, bila mzigo, kisha kipunguze kidogo kidogo. Taa ya gari ikianza kung'aa, zamu zimeanza kupandana. Rudi nyuma, ukaache nafasi ya usalama. Baada ya hapo ndipo urekebishe zamu. Zamu zikiwa fupi mno, nguvu itokayo hupungua. Zisipolingana, usumaku huegemea upande mmoja hadi kiini kishindwe kupokea zaidi, na mkondo hupanda tena.

Tahadhari

Inveta ya volti 230 isifunguliwe darasani. Umeme wake huua sawasawa na ule wa nguzoni, ijapokuwa chanzo chake ni betri. Tena, ncha za betri ya gari zisiunganishwe kwa waya mtupu.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Mzunguko ni maikrosekunde 40, na kituo ni maikrosekunde 2 baada ya kila zamu. Kokotoa zamu ya kila transista kwa asilimia.
2. Mwanafunzi asema, "Kituo ni kupoteza wakati, tukiondoe." Andika maswali matatu utakayomwuliza ili agundue mwenyewe kosa lake, pasipo wewe kumpa jibu.
3. Tafuta kazi nyingine ya kupokezana katika kijiji chako, ueleze zamu na kituo chake.