Nyasi ni Ghala: Somo Kutoka Mkomazi

Kutoka mjini Same hadi lango la Zange ni mwendo mfupi tu, lakini wengi wetu tunaijua Mkomazi kwa jina. Nami nilikuwa hivyo, mpaka kosa moja liliponifanya nianze kuuliza.

Nilipokuwa darasa la sita nilichunga mbuzi wa mjomba. Ilikuwa Septemba, nyasi zimekauka kabisa. Nilikwisha kusikia kwamba nyasi zikichomwa hutoa machipukizi matamu. Basi nikawasha kiberiti. Upepo uliuchukua moto hadi jioni. Mvua za vuli zikachelewa, na mbuzi wakakosa hata nyasi kavu. Mjomba hakunipiga. Alisema tu, "Mpwa wangu, umechoma ghala."

Neno hilo ndilo somo langu.

Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Wafugaji waliondolewa mwaka 1988, na tangu 2008 ni Hifadhi ya Taifa. Eneo lake lapita kilometa za mraba 3,200, nalo lapakana na Tsavo ya Kenya. Mvua ni chache, kwa hiyo nyasi ni mali.

Wanyama hawataki nyasi za namna moja. Nyati na pundamilia huweza kula nyasi ndefu na ngumu. Swala wadogo hupenda zile fupi na laini. Ndege wengine hujenga viota chini, katika nyasi ndefu, na mchwa huchukua zilizokauka. Basi mtunzaji mwema hataki uwanda wote uwe sawa. Ataka mabaka mabaka.

Moto waweza kusaidia au kuharibu. Ukiwashwa na wenye kazi hiyo mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zingali na unyevu, huwa mpole na huacha mabaka yasiyoungua. Sehemu zilizoungua huuzuia moto mkali usipite baadaye. Lakini moto wa mwisho wa kiangazi, kama wangu, huteketeza kila kitu na kuacha udongo uchi. Mvua ya kwanza huuchukua. Tena, pasipo moto wala wanyama, vichaka huziba uwanda. Hapo tembo hufanya kazi kubwa kwa kuangusha miti.

Wazee wengine hulalamika kwamba wanyama wamepewa malisho, ng'ombe wamenyimwa. Shida hiyo ni ya kweli, nami siikatai. Lakini nje ya mpaka pia tuna nyasi. Tukizilisha bila kuzipumzisha, au tukizichoma ovyo, tutamlaumu nani?

Jaribu hili nyumbani. Pima vipande vitatu vya nyasi, kila kimoja hatua tano kwa tano. Cha kwanza wape mbuzi, cha pili kikate mara moja, cha tatu kiache. Hesabu wadudu na aina za mimea kila mwezi.

Maswali:
1. Kwa nini moto wa Juni hutofautiana na wa Septemba?
2. Ni kipande kipi kilichobaki na chakula vuli ilipochelewa?