Neno la Kujifunza: KIBURI



Katika mikutano mingi huku Eastlands, toka Dandora hadi Kayole, neno hili hutumika kama rungu. Mama anainuka, anauliza, "Pesa za mwezi uliopita ziko wapi?" Mara anajibiwa, "Wewe una kiburi!" Basi anaketi, na swali linaishia hapo. Kwa hivyo tujifunze neno hili vizuri.

Kiburi ni neno lililotoka katika Kiarabu, kutoka kwa mzizi wenye maana ya ukubwa. Ni mzizi ule ule wa "Allahu Akbar" tunayoisikia ikitoka miskiti ya Pumwani na Eastleigh, yaani Mungu ni mkuu zaidi. Mwenye kiburi, basi, ni mtu anayejipa ukubwa usio wake.

Tusikichanganye na maneno haya:

1. Maringo ni kujionyesha, kwa mwendo au kwa nguo. Vijana wetu husema, "Huyo anajiskia." Yanaudhi, lakini hayavunji kikundi.

2. Majivuno ni ya mdomo: "Bila mimi hiki kikundi kingekufa!"

3. Madharau ni kumwona mwenzako si kitu.

4. Fahari yaweza kuwa njema. Tukimaliza kujenga choo cha ploti, tunaona fahari juu ya kazi yetu. Hapo hakuna ubaya.

Kiburi chenyewe hujulikana hivi: mtu haambiliki, hataki kuulizwa, na akikosa haombi msamaha.

Sasa turudi mkutanoni. Yule mama amejipa ukubwa gani? Pesa ni zake na za wenzake, na kuuliza ni haki yake. Mweka hazina anayeficha daftari ndiye asiyetaka kuulizwa. Neno limebandikwa mtu asiye wake!

Hata hivyo, anayeuliza naye achunge ulimi. Ukiuliza kwa matusi, hayo ni madharau, na watu watasahau swali wakumbuke matusi. Sema tu, "Mwenyekiti, naomba tusomewe daftari." Na ninyi viongozi, mkumbuke wahenga walivyosema: mpanda ngazi hushuka.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Katika kikundi chetu, ni nani huitwa mwenye kiburi? Alifanya nini hasa?
- Je, kuna swali ambalo watu wanaogopa kuuliza?
- Daftari letu lilisomwa lini mbele ya wote? Litasomwa tena lini? Andikeni tarehe kabla ya kufunga mkutano.