Tundu la Ozoni Silo Linalotuletea Joto

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nikiwa fildi nilifundisha uongo. Siyo kwa makusudi. Ilikuwa Jiografia, Kidato cha Tatu. Nilichora dunia ubaoni, nikaizungushia tabaka la ozoni, nikaweka tundu, nikasema joto la jua linapenya hapo ndiyo maana dunia inazidi kupata joto. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama kuna tundu, joto si lingetokea hapo hapo?" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, nikaendelea na notisi.

Yule dogo alikuwa na hoja. Shida si joto linaloingia, ni joto linalochelewa kutoka. Mwanga wa jua hupita hewani na kuipasha ardhi. Ardhi nayo hulirudisha joto juu kwa miale isiyoonekana, ile unayoihisi jioni ukipita karibu na ukuta uliopigwa jua mchana kutwa. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni kama asilimia 99 ya hewa kavu, huiacha ipite. Mvuke wa maji, hewa ukaa na methani huinasa, halafu huitawanya upya pande zote, na sehemu yake hurudi chini kwetu. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka juani silinda za kioo: yenye hewa ukaa ilipata joto kuliko yenye hewa ya kawaida, na ilichukua muda mrefu zaidi kupoa.

Gesi hizi zenyewe si adui. Bila hizo wastani wa dunia ungekuwa nyuzi joto 18 hivi chini ya sifuri, badala ya kama 15 juu yake. Tatizo ni kuzidisha. Kabla ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta, gesi na misitu tunayofyeka. Na hewa ikiongezeka nyuzi joto 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo maana mvua ikija inamwagika kwa mkupuo, na isipokuja udongo unakauka upesi.

Ozoni ni kesi nyingine kabisa. Kazi yake ni kuzuia miale ya urujuanimno, na tundu lake, ambalo hutokea juu ya Antaktika, lilisababishwa hasa na gesi za mafriji ya zamani na makopo ya kupulizia. (Kinachotuchanganya ni kwamba gesi hizo nazo hunasa joto.)

Haya niliyasoma vizuri baada ya kurudi chuo. Madaftari ya wale vijana bado yana mchoro wangu, na mtihani wao wa taifa ni mwaka huu.