Siku Saba Nje ya Kambi

SOMO LA VIKUNDI VYA SALA
Tusome: Walawi 13:45-46, Hesabu 12:10-15



Kipwa kimefika. Asubuhi ni baridi, mavumbi ni mengi, madirisha ya bisi yanafungwa. Sokoni, kwenye kilio, hata katika nyumba ya sala, watu wanakohoa. Wengine wanauliza: mwamini anayejikinga na mafua, je, amepungukiwa na imani?

1. Mafua makali si mchezo
Mwaka wa 1910 gari la moshi kutoka kusini lilifika Lubumbashi. Mwaka wa 1918 mafua makubwa yalipita njia hiyohiyo, yakaingia katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Mwishoni mwa 2002, kule Bosobolo katika Ekwateri, mafua yaliua mamia ya watu. Kijana mwenye nguvu anapona kwa siku chache. Lakini mzee, mtoto mdogo, mama mwenye mimba, mgonjwa wa pumu, wa sukari ao wa kifua kikuu anaweza kufa.

2. Yanapita namna gani?
Yanapita kwa matone ya mwenye kukohoa ao kupiga chafya, na kwa mikono inayogusa pua, mdomo na macho. Mgonjwa anaweza kuambukiza wengine siku moja mbele ya kujisikia vibaya, mpaka siku tano ao saba nyuma yake.

3. Maandiko yanatufundisha nini?
Katika Walawi, mgonjwa anafunika mdomo na kukaa pembeni. Miriamu alibaki nje ya kambi siku saba. Yeye alipigwa kwa kosa lake. Mwenye mafua hana kosa. Lakini angalieni: watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Basi kuna kazi mbili. Mgonjwa abaki nyumbani kwa kuwapenda wengine. Na kanisa limngojee. Mama anayeuza mboga akilala siku tatu, watoto wake watakula nini? Tumpelekee unga na makala mpaka mlangoni. Tusipofanya hivyo, tunamrudisha sokoni na homa yake.

4. Katika makutano
- Fungueni madirisha ya bisi na ya nyumba ya sala.
- Kohoa ndani ya kitambaa ao kiwiko, si ndani ya mkono.
- Nawa kwa sabuni na maji, ukisugua muda wa kuhesabu polepole mpaka 20. Ndoo iwe mlangoni.
- Kwenye kilio, salimu kwa mkono kifuani. Anayefanya hivyo, tusimwite mwenye majivuno.
- Ukilazimika kutoka ukiwa mgonjwa, funika pua na mdomo, kama tulivyozoea mwaka wa 2020.

Dawa za antibiotiki zinazouzwa njiani haziui virusi vya mafua. Mtu akipumua kwa shida, kifua kikimuuma sana, ao homa ikirudi baada ya kushuka, msingoje: mpelekeni hospitali. Sala itamfuata huko.

Maswali
1. Ni nani katika kikundi chetu anayeweza kuumia zaidi na mafua?
2. Ndugu akibaki nyumbani siku saba, nani atampelekea chakula?

Shemasi wenu