Ndege Mlembe: Nani Alimfundisha?

Ndugu mmoja aliyejiunga na Jumuiya hivi karibuni aliniuliza: ikiwa tabia za wanyama hubadilika polepole kwa sababu ya dhiki za mahali wanapoishi, je, kazi ya Mwenyezi Mungu imebaki wapi?

Nilimwomba amtazame mlembe. Ndege huyu hula nta, lakini hawezi kuwakabili nyuki. Binadamu ana moto na shoka, lakini mara nyingi hajui mzinga uko wapi. Basi mlembe hulia, huruka mti kwa mti, mtu akimfuata. Mtu huchukua asali, naye ndege huambulia nta. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio wa “brrr-hm”. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo huongeza bahati ya kuonyeshwa mzinga kutoka 16 hadi 54 katika mia. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi, na mwaka 2023 ilidhihirika kwamba mlembe wa huko huitikia mluzi huo zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Kumbe mwito wa wenyeji hujifunza.

Lakini hajifunzi kwa mama yake. Mama hutaga katika kiota cha ndege wengine, kisha huenda zake. Kinda huanguliwa kipofu, mdomoni ana kulabu, naye huwauma makinda ya mwenye kiota hata wafe. Silifichi jambo hili, kwani wakanao Mungu hulitaja, nasi tusiwe waoga.

Kweli, dhiki huchuja: humbakisha afaaye. Lakini chekecheke huchuja unga, haisagi nafaka. Sura Nahl yaeleza kwamba Mungu alimpelekea nyuki wahyi. Nyuki si nabii, bali huo ni uongozi uliowekwa katika umbile lake. Hazrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifa wa Nne, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alikubali kwamba uhai uliendelea hatua kwa hatua, ila alikataa kwamba bahati isiyo na macho ndiyo iliyouongoza.

“Na yale makinda yaliyouawa?” akauliza ndugu yule. Nikamjibu kwamba kinda la mlembe halikupewa hiari, kwa hiyo halina dhambi. Sharia ilishuka kwa mwenye kuweza kuchagua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema atarudi Ijumaa na swali jingine.