Akidungwa na sindano kazini, afanye nini?

Wauguzi, wahudumu wa maabara, wasafishaji wa wodi na wazoaji taka wamo hatarini kudungwa na sindano iliyotumika. Sindano hiyo inaweza kubeba virusi vya Ukimwi (VVU) na vya homa ya ini aina ya B na C. Virusi vya aina ya B huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hivyo hata damu iliyokauka si salama.

Mfanyakazi akidungwa:

1. Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua.
2. Amwarifu msimamizi, na tukio liandikwe.
3. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU (PEP) huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28.

Homa ya ini B ina chanjo. Aina ya C haina. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi.

Nyumbani, weka sindano na nyembe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko. Mzoaji taka hawezi kuona kilicho ndani ya mfuko.